Mbwa anatweta, paka kafungua mdomo: ni joto la kaskazi au kitu kingine?

Februari, saa nane mchana, Mbagala. Nikiwa kazini, simu ikaita. Mama Zuhura, jirani yangu: "Baba Jamila, mbwa wako kalala bandani, mate yanamtoka, namwita hata hageuki. Huyu kala sumu. Nimpe maziwa?"

Banda la Jimi liko chini ya mwembe. Kivuli kutwa nzima, ndoo ya maji imejaa. Kwa hiyo hata mimi nikaamini ni sumu, maana juani hakuwahi kukaa. Haikuwa sumu. Lilikuwa joto, na niliyemsababishia ni mimi mwenyewe: nilijenga banda kwa tofali pande 3, nikapiga bati mlangoni ili wezi wasimwone, juu nikaezeka bati jingine bila dari. Kivuli kilikuwepo, hewa haikuwepo.

Nimeandika haya kwa mtu wa pwani anayemtazama mnyama wake mchana wa kaskazi na hajui aanze kushuku nini. Joto ni mshukiwa wa kwanza, lakini lina wenzake wanaofanana nalo, na dawa ya mmoja inaweza kumuua mgonjwa wa mwingine.

Kwanza elewa mashine inavyofanya kazi

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Ana tezi chache za jasho nyayoni, basi. Joto lake hulitoa kwa kutweta: hewa inapita juu ya ulimi na koo lililolowa, maji yanakauka, damu inapoa. Sasa tazama kamba yako ya nguo. Siku ambayo kanga umezianika tangu asubuhi na mpaka adhuhuri bado zina unyevu, jua kwamba ulimi wa mbwa nao haukauki. Anatweta, anatumia nguvu, misuli ya kifua inazalisha joto jingine, na faida haioni. Ndiyo maana nyuzi 32 za Dar, Tanga au Mombasa humchosha mbwa kuliko nyuzi 32 za Dodoma kwenye hewa kavu. Na ndiyo maana feni peke yake kwa mbwa mkavu haina kazi kubwa. Mlowanishe kwanza, halafu washa feni.

Vitu vitatu vya kuangalia kabla hujampa chochote

Fizi. Inua mdomo wa juu. Fizi nzuri ni za waridi na zina unyevu. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyekundu sana kama pilipili na kavu, fikiria joto. Nyeupe kama karatasi, fikiria damu imepungua, na hapo kupe wanaingia kwenye hesabu. Za bluu au kijivu, usisome zaidi, mpeleke kwa daktari. (Kuna mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili. Hao watazame utando wa ndani ya kope la chini.)

Kipimajoto. Kile cha kidijitali cha duka la dawa kinatosha, mradi ukiandike "MBWA" kwa kalamu isiyofutika. Paka mafuta ya mgando, ingiza sentimita 2 hivi njia ya haja kubwa, kikilia toa. Mbwa na paka wazima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2. Kwa hiyo usishtuke ukiona 38.7 ukadhani ana homa, hiyo ni homa yako wewe, si yake. Kuanzia 40 ni jambo la kushughulikia sasa hivi. Ikipita 41 ni hatari ya kifo.

Na alikuwa wapi saa moja iliyopita. Swali hili watu hulisahau, na ndilo lenye majibu mengi kuliko kipimajoto.

Anatweta tu, lakini ana akili zake

Anakutambua, anasimama, anakunywa, mkia unatikisika. Huyu bado hajazidiwa, anajitahidi. Mtoe alipo, mlaze kwenye sakafu ya baridi (vigae vya sebuleni au bafuni ni bora kuliko godoro lake), mlowanishe tumbo, makwapa na nyayo, mpe maji ayanywe kwa kadiri atakavyo. Ndani ya dakika 15 hadi 20 pumzi iwe imeanza kushuka.

Isiposhuka, au ikirudi kila mchana, tafuta sababu. Kwa uzoefu wangu mtaani, sababu huwa mojawapo ya hizi.

Mnyororo. Mbwa kazunguka nguzo mara sita, urefu umekwisha, na maji yako hatua mbili mbele yake. Mwenye mbwa anaona ndoo imejaa jioni na kusema "leo hakuwa na kiu."

Bakuli la bati au sufuria iliyopigwa na jua. Tia kidole. Kama wewe usingeyanywa, naye hayataki. Chungu cha udongo kivulini kinasaidia, ingawa pwani hakipozi kama bara, kwa sababu ileile ya kanga zisizokauka. Hesabu ya kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na wakati wa joto inaweza kuongezeka sana. Mbwa wa kilo 30 asiwe na chini ya lita 3 mbele yake.

Chakula cha mchana. Ugali mkubwa saa saba, tena bado unatoa moshi, halafu akalale kwenye bati. Mpe alfajiri na usiku.

Pua fupi. Kama una bulldog, pug au shih tzu, habari ni tofauti kabisa: njia zao za hewa ni nyembamba toka kuzaliwa, na kutweta kwao ni kama kupuliza moto kwa mrija. Mbwa wa namna hii pwani ni mbwa wa ndani ya nyumba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukisikia anakoroma akiwa macho, usingoje dalili ya pili.

Unene nao ni blanketi. Manyoya kwa kweli hayana lawama kubwa hivyo. Watu humnyoa jamansheipadi kipara wakidhani wanamsaidia, kumbe manyoya yale ya tabaka mbili yanazuia jua lisifike kwenye ngozi. Mchane, utoe manyoya yaliyokufa, umwachie yaliyobaki.

Anayumba, anatapika, macho yamekodoka, au ameanguka

Huku ndiko alikokuwa Jimi. Kutweta kulikuwa kwa sauti ya msumeno, mate mazito ya kunata, alitapika mara moja, miguu ya nyuma haimbebi. Hapa joto limeanza kupika viungo vya ndani: utumbo, figo, ubongo, na hata uwezo wa damu kuganda. Kila dakika ina bei.

Maji kwanza, safari baadaye. Nilimwambia Mama Zuhura aachane na maziwa, amburute nje penye upepo na amwagie maji mwili mzima bila kusimama. Akafungua bomba. Kelele nikaisikia kwenye simu: "Baba Jamila, maji haya yanachoma!" Tangi langu ni lile jeusi la juu ya mnara, na saa nane mchana maji ya kwanza yanayotoka unaweza kupikia chai. Acha yatiririke, au tumia ya dumu lililoko ndani. Jaribu kwa mkono wako kwanza.

Maji ya kawaida ya baridi yanatosha. Barafu si lazima, na kutafuta barafu dukani ni kupoteza muda. Mwagie shingo, kifua, makwapa, tumbo, mapajani kwa ndani, huku mtu mwingine akimpepea kwa ungo au feni. Usimfunike taulo au kanga iliyolowa ukaiacha juu yake. Baada ya dakika chache kitambaa kinapata joto la mwili na kuwa blanketi. Ama ukibadilishe kila mara, ama ukiache.

Usimmiminie maji mdomoni akiwa hajitambui, yataingia kwenye mapafu. Akiweza kuinua kichwa na kulamba mwenyewe, sawa.

Ukiwa na kipimajoto, acha kumwagia akifika 39.5. Joto litaendelea kushuka lenyewe, na ukizidisha atapita kwenye baridi mpaka atetemeke.

Panadol usimpe. Homa ya ugonjwa na joto la nje ni vitu viwili: kwenye homa, ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto, na dawa inaubembeleza uteremshe. Aliyezidiwa na joto la nje, ubongo wake tayari unataka kushuka, ila njia imezibwa. Dawa haina cha kubembeleza, na ini na figo ambazo tayari zina shida zinaongezewa mzigo. Kwa paka, Panadol ni sumu hata wakati wa baridi. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Halafu ndiyo safari. Dereva wa kwanza wa bajaji alikataa, wa pili alikubali kwa sharti mbwa afungwe mdomo. Elewa hofu ya dereva, lakini mbwa anayetweta ukimfunga mdomo kwa kamba umemzibia bomba pekee la kutolea joto. Kaa naye nyuma, shika kichwa, mwache mdomo wazi, mapazia ya bajaji yakunjwe upepo upite.

Na nenda hata kama amesimama na kutikisa mkia. Madhara ya figo na damu huweza kujitokeza siku 1 hadi 3 baadaye. Ukiona kuhara damu, madoa mekundu kwenye ngozi ya tumbo, au mkojo wa rangi ya kahawia kama chai ya rangi, rudi kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Jimi alihara damu usiku ule na kulazwa dripu siku 2.

Joto liko juu, lakini kulikuwa na ubaridi

Kipimajoto kinasoma 40.3, na ni saa kumi na moja alfajiri, mvua imenyesha usiku. Hilo si jua. Kwa mbwa wa kwetu, mshukiwa wa kwanza ni homa ya kupe. Pekua ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Usipoona kupe hata mmoja bado usimwache huru, kwa sababu aliyemwambukiza huenda alishaanguka zamani.

Namna ya kutenganisha: aliyezidiwa na joto akimwagiwa maji na kupumzika, joto hushuka na kubaki chini. Mwenye homa hushuka kidogo, kisha hupanda tena akiwa kivulini. Pima jioni, pima alfajiri, andika. Mwenye homa ya kupe mara nyingi amekuwa mnyonge kwa siku kadhaa, hali chakula, fizi zinapauka, wengine hutoka damu puani au mkojo mwekundu. Aliyezidiwa na joto, asubuhi alikuwa anabweka.

Vyote viwili huweza kukutana. Mbwa mwenye upungufu wa damu huzidiwa na joto haraka kuliko mwenzake wa banda moja. Kama una mbwa wawili na kila mara ni yuleyule anayeanguka, mpime damu.

Mate na kuyumba, lakini hatweti

Hapa rudi nyuma hatua mbili, kwa maana halisi.

Dawa za kuulia wadudu shambani, na zile za kuogeshea kupe zikichanganywa kali mno, huleta mate mengi mepesi, kutetemeka misuli, kuhara, na mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano. Joto huleta mate mazito na misuli legelege. Ulimwogesha dawa leo? Jirani kanyunyizia mchicha? Chukua chupa au pakiti uende nayo kwa daktari. Maziwa ya Mama Zuhura, na nayasema kwa heshima zote, hayaondoi sumu hiyo.

La pili ni kichaa cha mbwa. Mate, sauti iliyobadilika, taya kulegea, kushindwa kumeza, kuyumba, ama ukali usio wa kawaida ama upole usio wa kawaida. Mbwa asiye na chanjo mwenye dalili hizi usimtie mkono mdomoni kutazama fizi, wala usimmwagie maji kwa karibu. Mfungie mahali alipo, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Hata kama jeraha ni mchubuko tu.

Paka kafungua mdomo

Mbwa kutweta ni kawaida. Paka kutweta si kawaida hata kidogo. Paka mzima akipata joto hujilaza kwenye sinki la bafuni, hujilamba, hutafuta upepo wa chini ya mlango, na hulala masaa yote ya mchana. Akifika kufungua mdomo kupumua, ama joto limemzidi kweli, ama ana tatizo la moyo, mapafu au pumu. Mpeleke mahali pa baridi, mlowanishe manyoya kwa mkono uliolowa (ukimmwagia ndoo atakimbia na kupata joto zaidi), na akiendelea kwa dakika 5 tafuta daktari.

Sababu nilizowahi kuziona: paka alifungiwa stoo yenye paa la bati bila mtu kujua, paka alisafirishwa kwenye boksi la kadibodi lenye matundu mawili, na paka aliyelala kwenye buti la gari lililoegeshwa.

Hilo la gari linahusu wote. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na karibu 20 ndani ya nusu saa. Kushusha kioo vidole viwili hakubadilishi kitu cha maana. Foleni ya kivuko cha Kigamboni yenyewe inatosha, ukizima gari ili uokoe mafuta.

Anachechemea baada ya matembezi

Weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde 7. Ukiondoa mapema, mbwa asipite. Mchanga mkavu wa ufukweni mchana nao unaunguza, na bodi ya chuma ya pikapu ndiyo mbaya kuliko yote, maana hapo mbwa hana pa kukimbilia. Nyayo zilizoungua huwa nyekundu, laini, zina malengelenge au ngozi inayobanduka, mara nyingi miguu yote minne. Mguu mmoja ukiuma peke yake, tafuta mwiba, msumari, au funza: kivimbe cheupe chenye nukta nyeusi katikati.

Hali chakula, anakunywa mno

Siku moja ya kula nusu wakati wa joto kali ni kawaida, mradi fizi ni za waridi na anakunywa. Siku ya pili mpime joto.

Kunywa sana pia ni kawaida, isipokuwa kwa jike asiyefungwa kizazi ambaye alikuwa kwenye joto (lile joto lingine, la kutafutwa na madume) wiki chache zilizopita. Akinywa ndoo nzima, anatapika, tumbo limejaa, pengine usaha unamtoka nyuma, huenda kizazi kimejaa usaha. Hiyo ni ya upasuaji, na kila mwaka kuna mtu anaisingizia kaskazi.

Kidonda cha sikio kisichopona

Paka mweupe, au mbwa mwenye pua ya waridi, ncha ya sikio inapata ukoko, unabanduka, inatoka damu, unarudi. Watu hupaka mafuta ya nazi wakisema kang'atwa na mwenzake. Jua la miaka huweza kuleta saratani ya ngozi hapo hasa. Ikigundulika mapema daktari hukata ncha ya sikio na paka anaishi. Kidonda kikipita wiki 3, kaonyeshe.

Sungura

Kwa ufupi, kwa kuwa hachelewi kufa: hawezi kutweta vizuri wala kutoka jasho, joto lake hutoka masikioni. Masikio ya moto na mekundu, pua inapanuka, kalala chali au ubavu, kidevu kimelowa. Mlowanishe masikio, weka chupa ya maji ya baridi iliyofungwa taulo pembeni yake. Madume yaliyopata joto kali huweza kukosa uwezo wa kutungisha mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo majike yasiposhika mimba Machi, usiyachinje kwanza.

Banda

Baada ya dripu za Jimi nilitundika kipimajoto cha chumba ndani ya banda, usawa wa mbwa, siyo usawa wangu. Saa nane mchana nje kivulini kilisoma 32, ndani 38. Nikatoboa tofali za juu na za chini kwenye kuta zinazotazamana, kwa kuwa hewa moto inapanda na lazima ipate pa kutokea. Bati la mlangoni nikalitoa, nikaweka nondo na wavu. Juu ya bati la paa nikaweka makuti, nikiacha nafasi ya upana wa kiganja katikati. Kipimajoto kikashuka hadi 33.

Kama banda ni la kupanga na huruhusiwi kutoboa, basi badilisha ratiba: mtoe saa tano, umfunge kwenye kamba ndefu kivulini mwa mti, pasipo na nguzo ya kuzungukia, umrudishe jioni. Wengi wetu tunafuga mbwa wa ulinzi, wanafungiwa mchana na kuachiwa usiku, maana yake anakaa bandani saa zilezile ambazo banda ni tanuri.

Jimi yuko mzima. Siku hizi hata banda lenyewe halitaki. Amechimba shimo chini ya bomba linalovuja na humo ndimo anashinda, matope mpaka masikioni. Fundi bomba amekuja mara mbili, nimemwambia aliache.